Kuchagua ngozi halisi ya kuvalisha sofa na viti ukiwa Dodoma: mwongozo kamili

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Sofa imenunuliwa kwa bei ya ngozi, haijamaliza kiangazi cha pili, na pale mabega yanapoegemea pameanza kubanduka magamba. Fundi analaumiwa, muuzaji hapokei simu. Ukichunguza palipobanduka unakuta kitambaa. Hapakuwa na ngozi pale tangu mwanzo.

Wengine walipata ngozi kweli, ila ikawa ya tabaka la chini iliyofunikwa kwa plastiki. Wengine wakauziwa ngozi ya viatu, wakakaa juu yake mwaka mzima bila kulainika. Na wapo waliopata ngozi safi kabisa, kisha fundi akaikata kama anavyokata kitambaa, sehemu ya tumbo ikaangukia kwenye kikalio, na leo kiti kimejaa mawimbi.

Kwa hiyo swali la "hii ni ngozi kweli?" halitoshi. Unatakiwa kujua ni tabaka gani, imepakwa nini juu, ina unene gani, na ni sehemu ipi ya ngozi hiyo inayofaa kukaliwa. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo, tangu hujatoa pesa mpaka mkasi unapoingia.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Lenzi ya kukuzia, au simu ambayo kamera yake inaona vizuri kwa karibu
- Wembe mpya
- Kalipa ya kupimia unene. Ukikosa, rula yenye milimita
- Futi ya fundi
- Vipande vinne vya kitambaa cheupe cha pamba
- Chupa ndogo ya maji na selotepu
- Chaki nyeupe (kalamu ya wino haifutiki kwenye ngozi)
- Karatasi za kaki za kukatia paterni
- Daftari

Nenda dukani mchana, na uombe ngozi itolewe nje kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani huficha makovu na kubadilisha rangi. Ngozi uliyoiona ya kahawia chini ya taa inaweza kugeuka nyekundu ukifika nayo barazani.

## Hatua ya 1: Andika kiti kitakaa wapi na nani atakikalia

Hili linaamua upako wa juu, na upako ndio utakaopambana na vumbi, jasho na jua. Kuna aina tatu kubwa.

Anilini. Ngozi imetiwa rangi inayopenya, bila kufunikwa. Vinyweleo vinaonekana, mkono unahisi ngozi yenyewe. Inapendeza kuliko zote, lakini inakunywa kila kitu: chai, mafuta ya nywele, jasho la shingo.

Nusu-anilini. Rangi imepenya, kisha juu umewekwa upako mwembamba wa kulinda. Sura ya asili imebaki kwa kiasi kikubwa.

Pigimenti. Uso umefunikwa kwa rangi nzito kidogo. Vinyweleo havionekani sana, ila uchafu unafutika kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwa sebule ya Dodoma yenye watoto na madirisha yanayofunguliwa kutwa, chukua pigimenti. Watakuja wajuaji wa kukwambia hiyo ni plastiki, waache. Vumbi letu la kiangazi ni laini mno, linaingia kwenye vinyweleo vilivyo wazi, na mtu akikaa anakuwa anaisugua ngozi kwa mchanga. Anilini iwekee kiti cha ofisini kinachokaliwa na mtu mmoja, mbali na dirisha. Nusu-anilini inafaa nyumba ya watu wazima watupu.

Nubuki na swedi, zile zenye manyoyamanyoya kama ya kiatu cha kijana wa mjini, usizilete kwenye sofa ya Dodoma hata ukipewa bure. Vumbi likishaingia halitoki.

Ukimaliza hatua hii uwe na sentensi moja daftarini, mfano: "Sofa ya watu watatu, sebuleni, dirisha la magharibi, watoto wawili, pigimenti, rangi ya wastani." Rangi ya wastani kwa sababu nyeusi hupata joto haraka jua la alasiri likiipiga na huonyesha kila chembe ya vumbi, nayo nyeupe huonyesha rangi ya jinzi.

## Hatua ya 2: Geuza, kisha tazama ukingo

Wengi hukosea hapa kwa sababu wanapapasa uso tu. Kiwanda cha plastiki kinaweza kuiga uso wa ngozi vizuri sana. Upande wa nyuma na ukingo uliokatwa ni vigumu kuviiga.

Anza na umbo. Ngozi halisi ni mnyama mmoja mmoja: ina shingo, ina miguu, ina kingo zisizonyooka. Haiuzwi kwa rola wala haipimwi kwa mita. Ukiona rola yenye upana uleule mwanzo hadi mwisho, ni ya bandia, au imetengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa, hata lebo iseme nini.

Kisha omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Muuzaji akikataa kukata sampuli, nenda duka jingine. Kata ukingo mpya kwa wembe, kwa mshazari, halafu utazame kwa lenzi.

*Ngozi:* utaona nyuzi zilizosukana bila mpangilio, zimebana upande wa juu na kulegea zinapoelekea upande wa nyama. Ukikwangua kwa ukucha zinachomoka vipande vifupi laini, hakuna uzi mmoja mrefu unaofumuka.

*PU na PVC, ambazo wengi wetu tunaziita reksini:* kuna vitu viwili vilivyobandikwa pamoja, plastiki juu na kitambaa chini. Kwenye kitambaa utaona vitanzi au mistari ya nyuzi zilizofumwa. PVC ni nzito na baridi mkononi. Jua na joto hutoa vilainishi vyake, ikakakamaa na kupasuka. PU ni laini zaidi, lakini jasho, unyevu na joto huivunjavunja, na ndiyo inayobanduka magamba.

*Mabaki yaliyosagwa:* lebo huandika "bonded leather". Ni unga na vumbi la ngozi lililochanganywa na gundi, likabanwa kwenye kitambaa au karatasi, na kupakwa plastiki juu. Ukingo wake ni wa makombo, unachanika kavu. Kwa kikalio ni hasara tupu.

*Mikrofaiba:* ni ngozi bandia ya nyuzi nyembamba sana, na hii ndiyo inayowapiga chenga hata mafundi. Nyuma ina manyoya kama swedi. Tofauti iko kwenye ukingo: nyuzi zina ubanaji uleule juu mpaka chini, na unene haubadiliki popote.

Harufu isikushawishi, maana ya ngozi inauzwa kwenye chupa. Nacho kile kipimo maarufu cha kiberiti sikikubali. Ngozi halisi yenye upako wa pigimenti nayo hutoa moshi wa plastiki sehemu ya juu, kwa hiyo utaikataa ngozi nzuri bure. Na kuchezea moto katikati ya duka la sponji ni hatari kwa kila aliyemo.

Ukishaona nyuzi zilizobana juu na kulegea chini, zisizo na kitambaa popote, endelea. Vinginevyo rudisha kipande na uage.

## Hatua ya 3: Jua ni tabaka gani

Ngozi ya ng'ombe ni nene kuliko inavyohitajika kwenye sofa, hivyo kiwandani hupasuliwa kwa mashine ikawa matabaka. La juu lina uso wa asili, ule uliokuwa na manyoya, uliobana na unaostahimili msuguano. La chini limeukosa uso huo. Yote mawili ni ngozi, ndiyo maana maneno "genuine leather" kwenye lebo hayakusaidii: yanakwambia tu kwamba ilitoka kwa mnyama.

Uso kamili (lebo: "full grain"). Tabaka la juu ambalo halijapigwa msasa. Chini ya lenzi vitundu vya vinyweleo havilingani. Karibu na uti wa mgongo vimebana, tumboni vimetawanyika. Utaona pia kovu dogo la mwiba, mstari wa mshipa, doa la kupe. Hayo yasikutishe.

Uso uliosawazishwa ("corrected grain", na mara nyingi hata "top grain"). Ni tabaka la juu pia, ila uso umesuguliwa kuondoa makovu, ukapakwa rangi, kisha ukagongwa chapa ya vipele kwa sahani ya mashine. Kuitambua, chagua alama moja yenye umbo la pekee, mfano mikunjo inayokutana kwa umbo la herufi Y. Tembeza macho pembeni mpaka umwone pacha wake. Ukimpata, na pacha wa pacha huyo mbele kidogo, hiyo ni chapa.

Sioni ubaya wa ngozi hii. Kwa ng'ombe wa maeneo ya miiba kama yetu, ni njia halali ya kuitumia ngozi imara yenye uso uliochubuka. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya uso kamili.

Tabaka la chini ("split"). Nyuma ina manyoya ya swedi, juu kuna plastiki tambarare isiyo na kitundu hata kimoja, au chapa iliyolingana mno. Ukikunja unapata mkunjo mmoja mnene. Kiwango cha Ulaya EN 15987 kinataka upako usizidi milimita 0.15 ndipo kitu kiitwe "ngozi" bila neno la ziada. Ukiona kwa lenzi utando wa plastiki unaoweza kuuchambua kwa ukucha ukatoka kama ganda, unajua uko upande gani. Hii iweke mgongoni na ubavuni mwa sofa. Kwenye kikalio na mikono ya kiti, hapana.

Sasa fanya kipimo ambacho wengi hawakijui. Kunja ngozi, uso ukiwa ndani, na ubane taratibu kwa kidole gumba. Tazama mikunjo inayojitokeza. Ikiwa ni midogo, myembamba, na inapotea ukiachia, uso umeshikana na nyuzi za chini. Ikiwa minene, inainuka na kubaki, uso umeachana na mwili wake. Kiti kitajaa mawimbi ndani ya miezi michache. Rudia sehemu tatu: makalioni mwa ngozi, begani, tumboni. Tumbo siku zote hulegea kidogo. Makalio yakilegea, iache ngozi nzima.

## Hatua ya 4: Jaribu upako na rangi

Fanya majaribio haya kwenye kona au kwenye sampuli.

1. Sugua kwa kitambaa cheupe kikavu mara 20 kwa nguvu ya kawaida, mbele na nyuma. Kisha chukua kingine, kiloweshe, kikamue, usugue tena mara 20. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa mashine na kipande cha felti nyeupe. Kitambaa kikavu kitoke safi. Chenye unyevu kikibeba kivuli hafifu kwenye anilini, si ajabu. Kwenye pigimenti hakitakiwi kubeba kitu. Rangi inayotoka leo kwa maji ndiyo itakayotoka kesho kwa jasho na kubaki kwenye kanzu ya mgeni.

2. Dondosha tone la maji, hesabu hadi 60. Likibaki juu kama lilivyo, kuna upako. Likinywewa na kuacha doa jeusi linalokauka taratibu, ni anilini, au ngozi isiyomaliziwa. Linganisha na ulichoambiwa.

3. Bandika selotepu, ikandamize kwa ukucha, ivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, upako haukushika.

4. Kunja uso ukiwa nje, ukali wa kukunja karatasi. Rangi ikipauka kidogo kisha ikarudi, sawa. Ikipasuka vistari, kataa.

## Hatua ya 5: Pima unene

Ngozi ya sofa iwe kati ya milimita 0.9 na 1.4. Mimi napendelea 1.1 hadi 1.2 kwa kikalio. Chini ya 0.9 tundu la sindano linapanuka na mshono unachanika. Juu ya 1.4 pembe hazikunjiki vizuri, na pale matabaka manne yanapokutana cherehani itakwama.

Huna kalipa? Kata vipande vinne kutoka sehemu tofauti, vipange bila kuvibana, pima kimo chake, gawanya kwa nne. Vikitoka milimita 4.6, wastani ni 1.15.

Hapa pana mtego kwa anayenunua ngozi ya nchini. Nyingi inayopatikana kwa urahisi ilitengenezwa kwa ajili ya viatu, mikanda na ndala, na ni nene. Ngozi ya ndala na mikanda mara nyingi imetengenezwa kwa dawa ya magome, ikiwemo ya miwati, miti ambayo kampuni ya TANWAT kule Njombe hutengeneza dawa yake. Ni imara kwelikweli, lakini inakakamaa, na maji na jua huifanya iwe nyeusi. Ngozi ya sofa kwa kawaida hutengenezwa kwa kromu, dawa ya chumvi za madini, kisha huzungushwa kwenye pipa kubwa hadi ilainike.

Utazitofautisha kwenye ukingo mpya: kiini cha kromu huwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu pale rangi ya juu isipopenya, cha magome ni kahawia tupu. Ukiagiza moja kwa moja kiwandani, usiseme "nataka ngozi nzuri". Sema: ngozi ya fanicha, ya kromu, iliyolainishwa kwenye pipa, milimita 1.1 hadi 1.3, pigimenti. Kwa maneno hayo hawatakuletea ya viatu.

## Hatua ya 6: Soma makovu kabla ya kusikiliza daraja

Muuzaji atakwambia ni "gredi A". Hakuna kipimo kimoja ambacho wauzaji wote wa ngozi iliyokamilika wanakifuata. A ya huyu ni B ya yule. Yale madaraja ya I hadi IV unayosikia wafanyabiashara wakiyataja ni ya ngozi mbichi. Kwa hiyo panga daraja mwenyewe: ni sehemu gani ya ngozi hii nitaikata nikaitumia?

Ng'ombe wa Bahi, Chamwino au Kongwa hutembea mbali na hupita kwenye miiba. Historia yake yote ipo juu ya ngozi, na si kila alama ina uzito sawa.

Mchubuko wa mwiba uliopona unahisi kama mstari laini, haushiki ukucha. Hauna madhara, na kwenye ngozi ya uso kamili ni ushahidi mzuri. Uliofunguka unashika ukucha. Hapo vumbi litaingia na uso utaendelea kupasuka. Zungushia chaki.

Alama ya chapa ya moto ni ngumu, imesinyaa, haivutiki pamoja na ngozi inayoizunguka. Ikate utupe, au iingie nyuma ya sofa.

Vishimo vya kupe hukaa zaidi tumboni, kwenye kwapa na chini ya mkia. Vichache si neno. Vikikusanyika mpaka uso unaonekana umetobolewatobolewa, usiweke mshono hapo. Makovu ya ugonjwa wa mapele ngozi ni makubwa zaidi, mviringo, na mara nyingi yanakwenda chini kabisa. Wakati mwingine yanakuwa tundu.

Adui mkubwa ni kisu cha mchunaji. Alama zake ziko upande wa nyama, uso hauonyeshi kitu. Inua ngozi dhidi ya jua, upande wa nyama ukikutazama, upitishe macho kuanzia shingoni hadi mkiani. Palipokatwa pataonyesha mwanga au mstari mwembamba. Papase. Mkato ulioingia zaidi ya nusu ya unene ukiangukia kwenye kikalio, siku mtu mzito akijibwaga, panachanika hapohapo. Nimeona ngozi yenye uso usio na doa ikiwa na mikato kumi na zaidi nyuma, yote mgongoni, sehemu iliyo bora kuliko zote. Ng'ombe aliyechunwa haraka chini kwenye udongo huacha ngozi ya namna hii mara nyingi kuliko aliyetundikwa machinjioni.

Ukishazungushia chaki kila kasoro, kadiria asilimia inayofaa, halafu linganisha bei kwa futi inayotumika. Tuseme ngozi moja ni shilingi 6,000 kwa futi ya mraba na asilimia 85 inafaa: kila futi utakayotumia imekugharimu kama 7,060. Nyingine ni 4,500 lakini inafaa asilimia 60: ni 7,500. Ile ya "bei poa" ndiyo ghali.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya futi, siyo ya mita

Fundi wako atasema, "Mama, hiyo sofa inakula mita 12." Hiyo ni hesabu ya kitambaa cha upana wa inchi 54. Zidisha mita kwa 20 upate futi za mraba za ngozi, upotevu ukiwa ndani yake. Mita 12 ni futi 240.

Ng'ombe wetu wa asili ni wadogo, ngozi ikikamilika mara nyingi haifiki futi 30. Kwa ngozi za futi 24 utahitaji 10. Kwa ngozi kubwa za kutoka nje, za futi 50, zitatosha 5.

Kwa viti vya kulia hesabu ya futi pekee inadanganya, hivyo pima vipande. Chukua viti sita, kikalio cha sentimita 45 kwa 45. Ongeza sponji na sehemu ya kukunja chini, kipande kinafika 60 kwa 60, karibu futi 3.9. Sita ni futi 23 na kidogo. Utafikiri ngozi moja ya futi 24 imemaliza kazi. Lakini ukitandaza paterni za 60 kwa 60 juu yake, zinakaa nne, na hapo kama hakuna kovu katikati. Shingo, miguu na kingo za tumbo hazitoi mraba. Nunua mbili.

Tazama namba iliyogongwa upande wa nyama. Viwanda vingi hupima kwa robo ya futi, na robo huandikwa kwa tarakimu ndogo juu: 23 yenye 2 ndogo ni futi 23 na nusu, siyo 232 wala 23.2. Kama haina namba, pima urefu na upana wa wastani kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 929.

Nunua ngozi zote siku moja, kutoka mkupuo mmoja wa rangi. Zipange juani ubavu kwa ubavu. Tofauti ndogo usiyoiona zikiwa zimekunjwa itakusumbua kila siku zikikaa kwenye mto wa kushoto na wa kulia.

## Hatua ya 8: Panga paterni zote kabla ya mkato wa kwanza

Hapa msimamie fundi, kwa heshima lakini usiondoke. Fundi hodari wa kitambaa bado anaweza kuiharibu ngozi, kwa sababu amezoea rola ambayo kila sentimita ni sawa na nyingine.

Tandaza ngozi uso juu. Alama za chaki ulizoweka upande wa nyama zihamishie juu kwa kubonyeza kwa kidole. Kata paterni zote za karatasi, uziandike majina, uzipange zote juu ya ngozi bila kukata chochote.

- Vikalio na sehemu ya juu ya mikono: eneo la makalio na mgongo.
- Maegemeo ya ndani: mgongo wa juu na mabega.
- Ubavu wa nje na nyuma ya sofa: mabega yenye makovu, kingo za tumbo.
- Shingo: vifuniko vya vifungo, mikanda ya ndani, viraka.

Ngozi huvutika kidogo kufuata uti wa mgongo na zaidi kwa upana. Kikalio kilale hivi: mstari wa uti uelekee kutoka mbele ya kiti kwenda nyuma, na vikalio vyote vielekee upande mmoja. Vikipishana, kimoja kitazama kuliko jirani yake.

Piga picha mpangilio. Kila paterni ikiwa imekaa na hakuna duara la chaki ndani ya kikalio, ruhusu mkasi.

## Hatua ya 9: Mambo machache kwenye mshono

Tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki, hivyo hakuna kufumua na kurudia. Sindano iwe ya ngozi, namba 18 kwa unene tuliousema. Uzi uwe wa poliesta au nailoni. Wa pamba utaoza. Mshono uwe wa hatua za milimita 4 hadi 5, tundu hadi tundu. Ukiukaza zaidi unakuwa umetoboa mstari wa kuchania. Cherehani ya nyumbani haitaweza. Tafuta fundi mwenye mashine ambayo mguu wake unatembea na kazi. Mwambie ajaribu kwanza kwenye mabaki, matabaka manne, nawe uvute kwa mikono miwili.

## Kama sofa imeshatengenezwa

Inamisha sofa, tafuta kitambaa cheusi kilichopigwa pini chini, omba ukifungue pembe moja. Kingo za ngozi zilizokunjwa ziko hapo, wazi kabisa. Fungua na zipu ya mto. Kisha kagua kikalio, ubavu na nyuma kila kimoja peke yake, maana sofa nyingi za nje zina ngozi pale unapokaa tu, kwingine ni PVC ya rangi ileile. Si wizi kama umeambiwa na bei imezingatia hilo. Andikisha kwenye risiti: sehemu zipi ni ngozi, za tabaka gani.

## Baada ya kuingia ndani

Futa vumbi kila siku mbili tatu kwa kitambaa laini kikavu, kisha mara moja kwa wiki kwa chenye unyevu. Sabuni ya unga, mafuta ya kupikia na vaselini usivipake. Sabuni ya unga hula upako, na mafuta hukamata vumbi. Dawa ya kutunzia ngozi ipake kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi, hasa kwenye anilini. Weka pazia kwenye dirisha la magharibi, au sogeza sofa angalau nusu mita.

Mabaki usimwachie fundi yote. Chukua kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka kila ngozi, andika nyuma namba ya mkupuo na duka, ukihifadhi pamoja na risiti. Siku mtoto akichora kwa kisu, utahitaji kiraka cha rangi hiyohiyo.